Mjalidi na Ukurasa Usio na Mwenyewe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maktaba ya Chuo,

Baada ya salamu za heshima, na matumaini kwamba daftari hili litawakuta wazima, naomba kujitambulisha. Mimi ni mjalidi, yaani mfunga vitabu, wa maktaba hii. Natumika katika chumba cha chini, huu ukiwa mwaka wangu wa ishirini na mbili.

Kusudi langu ni moja: kupinga kufutwa kwa ukurasa wa mtandao uitwao Masomo ya Fasihi ya Kiingereza na ya Kimarekani. Tangazo lililobandikwa leo linaagiza kwamba kila pingamizi liambatane na "ushahidi wa matumizi kwa muhula mzima", lakini halielezi ushahidi huo uwe wa sura gani. Kwa kuwa sikuelezwa, nimechagua shajara. Siku zenye jambo nitaziandika kwa kirefu; zisizo na jambo nitazitaja kwa mstari. Naahidi mbele ya Kamati kwamba lililotokea ndilo litakaloandikwa, na hapana karatasi itakayoondolewa.

Jumatatu, 5 Mei

Nianze kwa kueleza kinachotaka kufutwa, maana si haki kumhukumu mtu asiyejulikana.

Ukurasa huu ulitungwa na mwalimu wa fasihi aliyestaafu miaka minne iliyopita. Una viungo mia mbili na kumi na vinne, na kila kiungo ukikibonyeza hukufungulia mlango wa mahali pengine: kamusi ya maneno ya kale, riwaya nzima zisizodaiwa tena haki na mtu, mashairi yaliyosomwa kwa sauti, picha za miswada yenye makato ya waandishi wenyewe, magazeti ya zama zile, na maswali ya mitihani iliyopita. Chini ya kila kiungo Mwalimu ameandika sentensi moja ya maelezo. Kwa mfano: "Hapa pana insha nzuri, mruke utangulizi, mwandishi anajisifu."

Mimi niliacha shule darasa la saba. Kila nilichokipata katika fasihi nimekipata humo, saa saba mchana, wenzangu wakiwa mezani wanakula.

Tangazo linasema utafutwa siku ya mwisho ya muhula, Ijumaa tarehe 18 Julai, kwa sababu "hauna mwenyewe". Mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea utaanza tarehe 4 Agosti. Watahiniwa hao tupo watatu ninaowajua: Muuguzi, Kinyozi, na mimi.

Nilipanda ghorofani kwa Fundi Mitambo, binti mwenye miwani, ambaye ndiye aliyebandika tangazo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuhusu tangazo."

"Lipi? Nimebandika sita leo."

"La kufuta Ukurasa wa Fasihi."

"Aa. Hilo si langu, mzee, mimi mkono tu. Sheria mpya hiyo: kila ukurasa uwe na mtu wa kuwajibika. Huo hauna."

"Na akipatikana?"

"Mpate kwanza," alisema, na macho yake yakarudi kwenye kompyuta.

Nimeona ni binti mwenye adabu ya juujuu na haraka nyingi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mtandao umelala kutwa. Nimejalidi magazeti ya mwaka juzi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mtandao umeamka saa saba kasoro robo, ukalala saa saba na dakika tano. Nimesoma beti mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano wa wasomaji, chumba cha kujalidia, saa nane mchana. Waliohudhuria: Muuguzi wa wodi ya wazazi, Kinyozi wa kibanda kinachotazamana na lango la chuo, na mimi. Udhuru: hakuna.

Kinyozi hujifunza kwa masikio. Huweka simu juu ya rafu ya mafuta na kusikiliza mashairi ya kiungo cha thelathini na moja huku ananyoa.

"Jana mteja kaniuliza, 'We, huyu mzungu analia nini humo ndani?' Nikamwambia analilia mlango, mzee. 'Mlango gani?' Mlango wa kwao, nyumba imeuzwa na mlango wake.  Kisha akasema, 'Hebu rudisha hapo alipoushika komeo.'"

"Ukarudisha?" Muuguzi aliuliza.

"Mara tatu! Nilivyokuja kushtuka nimemtoa kipara, na kipara hakukiomba."

"Akasemaje?"

"Akasema nimtumie hilo shairi."

Baada ya kicheko tuliingia katika kazi. Riwaya ya mtihani wa mwaka huu ni ya Kimarekani, nasi tunaiita Mjane wa Kinu. Nakala pekee ya maktaba imeandikwa katika orodha kuwa imepotea, kwa hiyo sote tunaisoma kupitia kiungo cha tisini na sita, ambako mtu wa kujitolea aliichapa upya neno kwa neno. Mjane anamiliki kinu cha kusaga nafaka kinachozungushwa na maji ya mto, na ana binti mmoja. Katikati ya kitabu binti anachukua taa na kwenda kinuni. Sentensi inayofuata ni masika, na mjane anauza gurudumu la kinu. Binti haonekani tena. Hakuna kilio wala kaburi, wala mwandishi hasemi neno.

Muuguzi alifunga simu yake akasema polepole, "Kafa maji. Na mama yake hawezi kulisema."



Jumatatu, 12 Mei

Nimemwandikia Mwalimu Mstaafu barua pepe, kwa anwani iliyo mguuni mwa ukurasa, ya aya saba, pamoja na salamu.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna jibu. Mvua.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna jibu. Nimeituma tena, nikiwa nimeongeza aya ya kuomba radhi kwa kuituma tena.

Jumamosi, 24 Mei

Mkutano. Muuguzi amesoma rasimu ya insha yake, "Kimya cha Mjane". Kwa miaka tisa amekuwa akiwapokea watoto wa watu, na wengine, alisema, huwapokea bila sauti. Ameandika kwamba katika wodi yake mama aliyefiwa hatambulikani kwa kulia. Hutambulikana kwa kukunja nguo ndogo za mtoto alizokuja nazo, akizipanga vizuri kuliko wote. Ameandika kwamba mwandishi wa riwaya alilijua hilo, ndiyo maana aliuacha ukurasa mtupu, na kwamba mjane anapotazama barabara kila Jumapili hadi mwisho wa kitabu, anamtazama asiyekuja.

Kinyozi alijipangusa uso kwa kitambaa cha dukani kwake, akabaki na nywele za mteja kwenye kidevu.

Kisha Muuguzi akanigeukia. "Baba, wewe ni mtu wa vitabu. Haiwezekani kuna kitu kimeruka hapo? Maana panakatika ghafla mno."

Nilimjibu hivi, na nayaandika maneno yangu kama yalivyotoka: "Mwandishi mkubwa haachi pengo bila kusudi, binti yangu. Pengo lake ndilo neno lake."

Walilipenda jibu hilo. Nami nililipenda.

Jumanne, 3 Juni

Mvua. Gundi haikauki. Hakuna jibu.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimelazimika kubadili maoni yangu juu ya mtu, na kwa kuwa maoni ya kwanza yameandikwa humu, haya nayo yaandikwe.

Mvua ilikatika asubuhi, mtandao ukarudi kwa watu wote, lakini Ukurasa wa Fasihi peke yake haukufunguka. Nilipanda ghorofani nikiwa na maneno makali niliyoyapanga ngazi kwa ngazi. Nilimkuta Fundi Mitambo amepiga magoti chini ya meza yake, ameelekeza feni ndogo kwenye sanduku la kompyuta kuukuu lisilo na ubavu mmoja.

"Mzee, nisamehe, sijakuamkia. Ngoja ipumue kidogo, itawaka."

"Ni nini hiyo?"

"Huu ndio ukurasa wenu."

Sikuelewa. Akatoka chini ya meza, akajikung'uta vumbi, akanieleza. Mitambo mikubwa ya chuo ilipobadilishwa miaka miwili iliyopita, ukurasa ulikuwa ufe siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeuombea nafasi. Yeye ndiye aliyeuhamishia katika kompyuta hiyo iliyokuwa inangoja kutupwa.

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Nilikuwa naona kwenye hesabu ya wageni, kila siku wanaingia watatu. Mmoja alfajiri, mmoja saa saba mchana, mmoja jioni jioni. Nikajua hawa ni watu. Roboti haina saa ya chakula cha mchana." Akanitazama juu ya miwani. "Wa saa saba ni wewe, eti?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mwanafunzi anayefunga."

Nilimwuliza kwa nini basi alibandika tangazo.

"Kwa sababu hii mashine inakufa, mzee. Nimeiongezea feni, nimeiombea dua, basi. Nikiufichaficha, siku moja itazima na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu. Nikibandika tangazo, labda atatokea mtu wa kupiga kelele." Akarudi chini ya meza. "Umechelewa kupiga kelele, lakini umekuja."

Kisha, kutoka huko huko chini, mkono wake ukanipa kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya Mwalimu Mstaafu. "Barua pepe yake ya chuo ilifungwa alipostaafu. Sijakupa mimi hiyo."

Naomba Kamati isimchukulie hatua kwa sentensi hiyo. Niliahidi kuandika yote.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia Mwalimu. Simu imepokewa na mjukuu, akasema bibi amelala. Nimeshukuru, nikakata.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepiga tena. Bibi yuko kliniki ya macho. Nimeacha ujumbe mfupi. Mjukuu ameniomba niufupishe zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Jua la kwanza la wiki. Nimejalidi tasnifu nne. Nimesikiliza shairi la mlango. Kinyozi alisema kweli kuhusu komeo.

Jumatano, 25 Juni

Mkutubi Mkuu aliagiza ghala la vitabu vibovu litolewe, ili chumba kipakwe rangi. Niliteremshiwa meza ya vitabu arobaini na vitatu niviangalie: vya kutengenezwa huku, vya kutupwa kule. Cha kumi na saba kilikuwa Mjane wa Kinu, nakala ile ile iliyoandikwa kuwa imepotea, jalada limevunjika mgongo. Miaka yote hiyo kilikuwa ukuta wa pili kutoka meza yangu.

Lazima nieleze jambo moja la kazi yangu. Kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hukunjwa mara tatu, zikapatikana kurasa kumi na sita. Sisi tunaita kunjo. Makunjo hupangwa kwa zamu, kisha ndiyo sindano ikapita. Mjalidi anayejiheshimu hashiki sindano kabla hajayahesabu makunjo, maana kunjo moja likisahaulika kitabu kitafunga vizuri tu, na jalada halitasema kitu.

Basi niliyahesabu. Kunjo la kumi na tatu linaishia ukurasa wa mia mbili na nane, ambapo binti anachukua taa na kwenda kinuni. Kunjo la kumi na nne linaanzia ukurasa wa mia mbili na tisa, ambapo binti anafika kinuni.

Nilikaa kitini.

Nilifungua kiungo cha tisini na sita kwenye simu, nikaweka kidole kwenye kitabu na kidole kwenye kioo, nikashuka navyo pamoja. Kinachokosekana kwenye mtandao ni kuanzia ukurasa wa 209 hadi wa 224. Kurasa kumi na sita kamili. Kunjo moja. Mtu yule wa kujitolea hakukosea neno. Aliichapa nakala iliyoshonwa pungufu. Nukta iliangukia mwisho wa ukurasa, na sentensi ya masika ikaangukia mwanzo wa mwingine, macho yakapita pale bila kujikwaa. Kosa ni la mjalidi mwenzangu, wa nchi ya mbali na zama za mbali, aliyeshika sindano kabla ya kuhesabu.

Na mimi niliulizwa. Niliulizwa waziwazi, tarehe 24 Mei, na mtu aliyeniita mtu wa vitabu, nami nikamjibu kwa sentensi nzuri.

Kurasa hizo nimezisoma. Sitaandika leo zinasema nini.

Alhamisi, 26 Juni

Sikufanya kazi ya maana. Nieleze kilichonizuia.

Nikiliandika kosa hili humu, Kamati itakuwa nalo mkononi mwake. Itasema: ukurasa hauna mwenyewe, na zaidi ya hayo unapotosha watahiniwa. Itakuwa imesema kweli. Nisipoliandika, Muuguzi ataingia katika mtihani akiwa na insha iliyojengwa juu ya upungufu wa uzi. Kuna njia ya tatu, nayo nimeifikiria kwa saa nzima: kumwambia Muuguzi, na kuiondoa karatasi ya jana humu ndani. Mimi ni mjalidi. Najua kutoa karatasi katika daftari lililoshonwa na kulirudisha lilivyokuwa, hata mwenye daftari asihisi kwa kidole. Nilikwishalegeza uzi.

Nyumbani mke wangu, ambaye hushona nguo za watu, aliona sili, akaniuliza. Nikamweleza.

"Sasa wewe unaogopa nini? Hiyo Kamati au huyo dada?"

"Naogopa kuua ukurasa kwa mkono wangu."

Alikuwa anafumua upindo. "Mimi gauni nikilisahau mkono mmoja, baba, naweza kulikunja likapendeza dukani. Lakini kuna siku mtu atalivaa."

"Kamati haitalivaa."

"Na dada je?"

Nikamwambia dada ningemweleza kwa mdomo.

"Haya. Kisha uipe Kamati daftari umeliandika juu 'hapana karatasi itakayoondolewa'. Mwanaume mzima!" Akakata uzi kwa meno. "Kula, chakula kinapoa."

Nimekaza uzi tena. Karatasi ya jana ipo. Wajumbe wakitazama kwa makini wataona tundu la sindano limepanuka kidogo; hiyo ndiyo sababu.

Jumamosi, 28 Juni

Mkutano. Nilikiweka kitabu mezani, nikakiri kosa langu kwa utaratibu: swali niliulizwa lini, nilijibu nini, na kwa nini jibu halikuwa na haki ya kutolewa na mtu wa kazi yangu.  Muuguzi alivuta kitabu, akafungua ukurasa wa mia mbili na tisa, akaanza kusoma kimoyomoyo. Kinyozi alinitazama, nikatazama gundi.

Katika kurasa hizo binti anafika kinuni na kumkuta mama yake. Wanagombana, kwa maneno ambayo sikutegemea katika kitabu cha heshima. Binti anataka kwenda mjini kusomea ualimu. Mama anasema kinu kitaendeshwa na nani. Mwisho mama anazima gurudumu kwa mkono wake mwenyewe ili wasikilizane, na katika kimya hicho anamwambia aende. Kinu kinauzwa masika ili kulipia shule.

Muuguzi alifika ukurasa wa mia mbili na ishirini, akasimama, kiti kikaanguka.

"Yu hai!"

"Nani?" Kinyozi alishtuka.

"Mtoto! Yu hai! Hakufa maji! Kaenda shule!" Alimshika Kinyozi mabega akamtikisa. "Wiki saba! Wiki saba nimemlilia!"

"Sasa si tumemzika bure?"

"Tumemzika bure!" Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Na ile barabara ya Jumapili, jamani, mama anamngojea aje likizo!"

Nilisema, "Insha yako lakini. Kurasa kumi na moja. Naomba radhi."

Aliokota kiti. "Baba, mimi kila asubuhi naingia wodini naomba niambiwe kitu kama hiki. Niliyemdhania kafa, kumbe anapumua. Wewe umeniletea, halafu unaniomba radhi?" Akajifuta uso. "Nitaandika nyingine. Ila ungejificha na hilo kosa, nisingekusamehe. Mficha uchi hazai, na hiyo ni kazi yangu, naijua."

Sijapata kushukuriwa hivyo kwa kosa. Nimeliandika kwa sababu ni ushahidi wa matumizi.

Jumatatu, 30 Juni

Fundi Mitambo ameziskani kurasa kumi na sita na kuziweka katika Ukurasa, chini ya kiungo cha tisini na sita. Tumewaandikia pia wenye kiungo hicho huko mbali. Jibu lilikuja palepale. Nililishukuru kwa aya mbili, kisha Fundi akaniambia kwa upole kwamba jibu lile hujiandika lenyewe.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua kidogo. Jibu la mtu halisi limekuja kutoka kwa wenye kiungo. Linasema kurasa zimepokewa, zitalinganishwa na nakala nyingine kwanza. Nimelipenda neno "kwanza".

Jumamosi, 5 Julai

Mkutano, tupo sote watatu. Mwalimu Mstaafu amekuja.

Hakupiga simu. Aliteremka ngazi za chumba cha chini ameshikwa mkono na mjukuu wake, miwani ya giza usoni kwa ajili ya macho, akasimama mlangoni.

"Nani hapa ndiye anayepiga simu na kushukuru kabla sijaamka?"

"Shikamoo Mwalimu. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti, halafu uniambie ukurasa wangu umefanya nini."

Nilimweleza yote: kunjo, nukta, binti wa kinu. Nilitegemea atakasirika au atajitetea. Akaanza kutikisika, nikaona anacheka.

"Kile kiungo nilikiweka mchana mmoja, nikaangalia mwanzo na mwisho, basi. Riwaya ile naijua toka usichana. Aliyekwisha kushiba hapekui sufuria." Akaacha kucheka. "Hilo ni kosa langu kabla halijawa lako. Nani aliyeandika kuhusu kimya?"

Muuguzi akasema, "Mimi, Mwalimu."

"Nisomee."

Muuguzi alikataa, akisema insha ni batili. Mwalimu alisema yeye ndiye hujua insha batili, amezisahihisha miaka thelathini na nne. Basi Muuguzi akasoma, hadi kwenye nguo ndogo zinazokunjwa. Mwalimu alivua miwani yake.

"Hiyo si insha ya kitabu kile. Ni ya kitabu ambacho bado hakijaandikwa. Usiichome."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza tupo wangapi tunaoutumia ukurasa. Nilimwambia, kwa uhakika, watatu. Kinyozi akaongeza, "Na wateja wangu, hao sijawahesabu. Wanakuja hata ambao nywele hazijaota."

"Nilifanya kazi ile kwa miaka kumi na mmoja," Mwalimu alisema. "Kila Ijumaa yenye nafasi nikiongeza kiungo. Niliandikiwa mara mbili tu. Mara moja mtu aliuliza kama nauza simu. Nikastaafu nikidhani nilikuwa najiwekea mwenyewe." Alinyoosha mkono wake mezani, ukapapasa hadi ukapata mgongo wa kitabu nilioukarabati. "Watatu. Darasa langu la mwisho lilikuwa na mia na sitini, na sijui kama walifika watatu."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumshukuru, ya aya nne, nikiwa nimeyakariri tangu Mei. Yalinitoka yote kichwani. Nilisema "Ahsante, Mwalimu", nikarudia.

Kuhusu kuwajibika na ukurasa, amesema macho yake hayawezi tena na sheria haimruhusu mstaafu. Ameweka sahihi barua fupi, iliyobandikwa nyuma ya daftari hili, kwamba anauacha kwa mtumishi yeyote wa chuo atakayeahidi kuusoma, si kuutazama tu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza kuvipitia viungo vyote mia mbili na kumi na vinne, kimoja kimoja, kama makunjo. Vilivyo hai hadi jioni: thelathini na nane kati ya hamsini.

Alhamisi, 10 Julai

Mtandao umelala asubuhi, umeamka mchana. Nimemaliza. Vilivyo hai ni mia na hamsini na kimoja. Vilivyohama nikavipata, ishirini na saba. Vilivyokufa, thelathini na sita, na orodha ninayo. Humo ndimo yalimokuwa maelezo ya wasomi juu ya Mjane wa Kinu. Yangekuwa hai, tungejua mapema.

Ijumaa, 11 Julai

Waheshimiwa Wajumbe,

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea pingamizi, nami nalifunga daftari. Mtakutana Jumanne tarehe 15.

Sitadai kwamba ukurasa huu hauna kasoro. Kasoro yake kubwa imeandikwa humu kwa mkono wangu, tarehe 25 Juni, nami ninayo sehemu ndani yake. Ninachosema ni kwamba kasoro hiyo ilionekana na kuzibwa kwa sababu kulikuwa na watu wanaousoma, nao ukifutwa hautakuwa na kasoro wala msomaji. Fundi Mitambo amethibitisha kwa maandishi kwamba nafasi unayoihitaji katika mtambo mkubwa ni ndogo kuliko ya picha za mahafali ya mwaka jana.

Sheria inataka mtumishi wa kuwajibika. Haisemi awe na shahada. Nimeisoma mara tano. Mimi ni mtumishi. Elimu yangu ya shule ni darasa la saba, na sitaki jambo hilo liwafikie kwa njia nyingine isipokuwa kwangu. Nikikubaliwa, nitavipitia viungo vyote kila mwanzo wa muhula na kutoa taarifa ya vilivyo hai na vilivyokufa, na hakuna kitabu kitakachoingizwa humo kabla sijakihesabu kurasa.

Kwa hiyo naomba Kamati iamue mambo mawili, na inijibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 18 Julai: ukurasa ubaki au ufutwe, na kama utabaki, je, mimi ndiye mwangalizi wake, au siye.

Wenu mtiifu,

Mjalidi, chumba cha chini.